Nimechimba nikakuta dude zito la chuma: maswali ninayoulizwa karakanani

Karakana yangu ya kuchomelea iko Moshi, na sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba kila chuma kinachotoka ardhini jibu lake liko kwangu. Anayechimba msingi Pasua, anayechimba shimo la choo Kiboriloni, aliyepitisha trekta Kahe, wote huishia hapa. Wengine hupiga simu kutoka Arusha, Sakina na Usa River. Maswali ni yale yale, mpaka mke wangu sasa anayajibu nikiwa nimeenda kununua vijiti vya kuchomelea. Nimeyaandika ili apumzike.

Jembe limegonga chuma. Nifanye nini kwanza?

Acha jembe. Usikigonge tena eti usikie kinavyolia, usikichokonoe kwa mtalimbo, usikimwagie maji kitakate. Tazama sehemu iliyokwisha kuonekana, basi. Wengi huanza na kuniuliza bei. Mimi huanza na kuuliza kama kinaweza kuua, kwa sababu hapo ukikosea, hayo mengine hayatakuwa na mtu wa kuyauliza.

Nitajuaje kama ni bomu bila kulishika?

Angalia umbo. Risasi ya mzinga ni ya mviringo kama chupa, upande mmoja umechongoka, na karibu na kitako imezungukwa na mkanda wa shaba nyekundu. Mkanda huo ukiwa na michirizi ya mshazari, ujue risasi ilishapita kwenye mtutu na pengine ikagoma kulipuka, na hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Kombora la mota lina mapezi mkiani. Bomu la mkono hujaa kiganjani, na mengine yana mikato kama ganda la nanasi. Ukiona penye ncha au kitakoni pana kitu kama bolti kilichofungwa kwa hesi, cha shaba ya njano au alumini, hiyo huwa ndiyo fyuzi, yaani kiwashio cha kulipua baruti.

Kutu haileti usalama. Chuma cha nje kinaliwa lakini baruti ya ndani haiozi kama mti. Kuna risasi za mzinga za Vita ya Kwanza ya Dunia zilizojazwa asidi ya pikiriki, ambayo ikikaa miaka mingi imegusana na metali huweza kutengeneza chumvi zinazolipuka kwa msuguano mdogo tu. Hivyo la mwaka 1916 si lazima liwe limepoa. Huenda limekuwa na hasira zaidi.

Ukishuku tu, rudi nyuma kwa njia ile ile uliyojia, mita mia moja au zaidi, ukae nyuma ya ukuta au kingo za mfereji. Zuia watoto na ng'ombe. Jembe likibaki shimoni, liache. Piga 112, kisha mwambie mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Kulitegua ni kazi ya wataalamu wa mabomu, na polisi wanajua wa kumwita.

Anayeona naongeza chumvi akumbuke Ngara, mkoani Kagera, Novemba 2017. Mtoto aliokota bomu akidhani ni chuma chakavu cha kuuza, akaenda nalo shule. Wanafunzi watano walikufa na makumi wakajeruhiwa.

Kwani huku kwetu kulipiganwa vita?

Vilipiganwa, tena vikubwa. Novemba 1914 Waingereza walishambulia Longido wakarudishwa nyuma na Wajerumani. Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipita pengo la Latema na Reata, upande wa Taveta, likaingia Moshi katikati ya mwezi huo, na tarehe 21 Machi wakapambana Kahe, kwenye reli na mto. Wajerumani walikuwa na mzinga wa sentimita 10.5 hapo Kahe, ulioopolewa kutoka meli ya kivita Königsberg iliyozamia Rufiji mwaka 1915. Waliulipua wenyewe waliporudi nyuma. Kwa hiyo mtu wa Kahe, Himo au Longido akiniambia ameona kitu kimechongoka ndani ya udongo, simwambii asogee apige picha kwa karibu. Namwambia aondoke.

Mimi nimeshalitoa, tena limeshapanda bodaboda. Sasa?

Umefika nalo wapi? Kama lina dalili nilizotaja, liweke chini taratibu hapo hapo, mahali pasipo na watu, upige simu. Usilirudishe shimoni na usilipeleke kituoni mwenyewe. Polisi hawatakushukuru kwa kuwawekea bomu kaunta.

Halina dalili za bomu, lakini ni zito kuliko ukubwa wake. Si itakuwa dhahabu?

Hapa ndipo watu wanapopoteza usingizi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mkono si mizani. Tumezoea mawe na matofali, na jiwe letu hili jeusi la volkano lina uzito wa kama mara tatu wa maji ya ujazo ule ule. Chuma ni karibu mara nane. Ukiokota donge la chuma lililofunikwa udongo ukidhani unaokota jiwe, bega linashtuka na akili inakimbilia dhahabu. Chukua chupa ya soda ya mililita 350. Ukiijaza chuma utapata kilo 2.7 na ushee. Ukiijaza risasi, ile metali laini ya kwenye betri, karibu kilo 4. Ukiijaza dhahabu, karibu kilo 6.8. Dhahabu inashangaza mkono kweli, lakini chuma nacho kinatosha kumdanganya mtu mwenye njaa.

Miaka michache iliyopita familia moja ya Kibosho ilinijia alfajiri na kitu kimefungwa kwenye khanga mbili. Walikuwa wakichimbua shimo la kupanda mgomba kihambani. Dude lenyewe lilikuwa kama tofali nene, kutu tupu, na juu lina kitu kama mkono uliojaa udongo. Kilichowakesha ni chini yake. Palikuwa na duara la ukubwa wa kizibo cha soda, na mmoja wao alipolikwaruza kwa msumari liling'aa kama fedha. Usiku ule walilinda zamu kwa zamu, na mpwa wao alikuwa ameshampigia mnunuzi wa Arusha.

Tulilitundika kwenye mizani: kilo 24.9. Nikachukua brashi ya waya, nikasugua ubavu wake taratibu. Ikatoka 5, ikatoka 6, halafu herufi mbili, LB. Lilikuwa jiwe la mizani, ratili 56 za Mwingereza, yaani kilo 25.4. Ile nusu kilo iliyopungua ililiwa na ardhi. Na kile kinachong'aa kilikuwa risasi, kwa sababu mawe ya mizani ya chuma humiminwa yakiwa mepesi kidogo, yakaachiwa tundu, kisha tundu likajazwa risasi mpaka uzito ukae sawa, na mkaguzi akagonga muhuri wake juu ya ile risasi laini. Mzee wa nyumba alikaa kimya, halafu akasema baba yake alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha kahawa, enzi KNCU bado changa. Chama hicho kikuu kilianzishwa mwaka 1933. Jiwe la mizani lilifikaje kwenye migomba ya karani, hilo hatukulichimba.

Nililojifunza, na ambalo narudia kwa kila mtu, ni kwamba uzito peke yake hausemi kitu. Mahali kilipolala na vilivyolala nacho vinasema zaidi. Kabla hujakisugua, tazama shimo: kuna mkaa, matofali, vigae, misumari, kokoto za reli, chupa? Piga picha kikiwa bado mle ndani. Ukishakitoa ukakiosha, nusu ya maelezo yake imeenda na maji.

Nipime vipi nyumbani kama siyo chuma cha kawaida?

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa skrepa, na ndoo ya maji ambayo kitu kitazama chote bila kugusa chini. Pima kikiwa hewani. Kisha kizamishe kikining'inia kwa kamba hiyo hiyo, usome tena. Tofauti ya kilo ndiyo lita za ujazo wake. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti hiyo.

Lile la Kibosho lilisoma 24.9 hewani na 21.4 majini. Tofauti ni 3.5, na 24.9 ukigawanya kwa 3.5 unapata 7.1, ambao ni uzito wa chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu. Zishike namba hizi: alumini 2.7, chuma cha kusubu kama 7.2, chuma cha pua (stili) 7.8 hivi, shaba ya njano 8.5, shaba nyekundu 8.9, fedha 10.5, risasi 11.3, dhahabu safi 19.3. Tungsteni nayo ni 19.3 kasoro kidogo, ndiyo maana matapeli wa vipande vya dhahabu huipenda. Kitu chenye uwazi ndani kitakupa namba ya chini, na kutu nene pia inaishusha. Ukipata 5, huenda bado ni chuma. Na ukipata 7, sahau dhahabu.

Sumaku inasaidia?

Sana. Vunja spika bovu la redio, toa sumaku. Lakini futa udongo kwanza! Udongo wetu wa Kilimanjaro na Meru una chembe nyeusi za chuma zinazorukia sumaku zenyewe. Mtu mmoja wa Tengeru aliniapia kwamba shaba yake inanasa, kumbe ulionasa ni udongo.

Ikinasa kwa nguvu kwenye metali tupu, ni chuma, au kwa nadra nikeli. Isiponasa, inaweza kuwa risasi, shaba, alumini, dhahabu, au aina fulani za chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo kutonasa hakumfanyi mtu tajiri. Risasi utaijua kwa kuichora kwenye karatasi: inaacha mstari wa kijivu kama penseli. Nawa mikono baadaye, maana ni sumu.

Fundi, si ulipige grinda tuone cheche?

Baada ya kuhakikisha si bomu, si mtungi na si kitu chenye uwazi uliofungwa, sawa. Chuma cha pua hutoa cheche ndefu za njano zinazopasuka pasuka kama fataki. Chuma cha kusubu hutoa fupi, nyekundu, zinazokufa karibu na jiwe la grinda. Shaba, risasi na dhahabu hazitoi cheche. Mtungi wa gesi uliozikwa sikati, hata ukinilipa.

Inaweza kuwa kimondo?

Inaweza, ila ni nadra kuliko watu wanavyotaka. Kimondo cha Mbozi, kule Songwe, kinakadiriwa kuwa na tani 16 hivi, na ni chuma chenye nikeli karibu asilimia 9. Kimondo cha chuma hunasa sumaku, ni kizito, na ndani hakina matundu ya hewa. Kikwaruze kwenye mgongo wa kigae, upande usio na rangi ya kung'aa. Kikiacha mstari mwekundu au mweusi uliokolea, kuna uwezekano mkubwa ni jiwe la madini ya chuma la hapa hapa duniani. Likiwa na matundu kama andazi, basi ni jiwe la volkano au mavi ya chuma.

Mavi ya chuma ndiyo nini?

Ni takataka inayobaki chuma kikiyeyushwa kutoka kwenye mchanga au mawe. Inakuwa nyeusi, nzito kiasi, imeganda kama uji uliomwagika. Jirani zetu wa Ugweno, Upareni, walikuwa na ukoo mzima wa wafua chuma, Washana, na chuma chao kiliuzwa mpaka kwa Wachaga. Wafua chuma wa Mamba, karibu na Marangu, bado wapo. Ukikuta madonge hayo pamoja na mkaa na vipande vya mirija ya udongo wa kuchomwa, umekuta tanuru. Usiuze, funika, uwaambie watu wa makumbusho. Kwangu mimi huo ni ugunduzi mkubwa kuliko jiwe la mizani.

Wapo wanaosema ni mali ya Mjerumani, ina zebaki nyekundu ndani.

Zebaki ni metali ya majimaji, rangi ya fedha. Ile "zebaki nyekundu" ya kwenye simu za usiku, inayofukuza sumaku na kuogopa kitunguu saumu, haipo. Mwendo wa matapeli wake ni ule ule: kuna mnunuzi tajiri, lakini kwanza utoe hela ya kipimo, kisha ya dawa ya kusafishia, kisha ya "kumtuliza mlinzi wa mali". Mwenye chuma chake ndiye anayelipa kila siku, na mnunuzi haonekani.

Mjerumani aliacha vitu kweli, ila ni vya kazi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mataruma yake ya chuma, vipande vya reli na bolti zake bado vinachimbuliwa. Tazama ubavu wa reli, mara nyingi pana jina la kiwanda na mwaka. Pesa pia zipo: sarafu za shaba za heller tano za 1908 na 1909 ni kubwa. Za dhahabu, zile rupia 15 zenye tembo, zilipigwa Tabora mwaka 1916, na moja haifiki hata gramu 8. Dude la kilo ishirini halina uhusiano nazo.

Ni kama kopo dogo la metali ya risasi, zito kupita kiasi, lina alama ya mapanga matatu kama ya feni.

Ondoka. Alama ya panga tatu nyeusi kwenye njano ni ya mionzi. Kuna nyingine mpya, pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Vyanzo vya mionzi vya kupigia picha mabomba na vya tiba huwekwa ndani ya risasi au urani hafifu, metali nyingine nzito, na ndiyo maana kitu kidogo kinashinda nguvu za mtu.

Goiânia, nchini Brazili, mwaka 1987, wauza chuma chakavu walifungua kifaa kama hicho kilichoachwa kwenye hospitali iliyohamwa. Ndani mlikuwa na unga wa mionzi, sizi-137, unaotoa mwanga wa bluu gizani. Waliugawana ndugu na majirani, watoto wakajipaka. Watu wanne walikufa. Mionzi haina harufu wala joto la kukustua. Funga eneo, piga 112, na taarifa ifike Tume ya Nguvu za Atomu, ambayo ina ofisi na maabara Njiro, Arusha.

Kipo kwenye kona ya kiwanja, kimeshikiliwa na zege.

Hiyo ni bikoni. Irudishie udongo kabla jirani hajakuona. Kung'oa alama ya mpima ardhi ni kosa, na ugomvi wa mpaka Uchagani unaujua.

Ni kirefu, nimechimba mita tatu na hakiishi.

Bomba au kebo. Usikate. Uliza mamlaka ya maji na TANESCO.

Nimeokota gololi kubwa ya chuma, kama chungwa. Ni ya mzinga wa zamani?

Gololi za namna hiyo hutumika kwa maelfu kwenye vinu vya kusagia mawe ya dhahabu na saruji, na husafiri kwenye malori pamoja na skrepa. Ikiwa laini pande zote, bila tundu wala mshono, karibu kila mara ni hiyo. Ikiwa na tundu lenye hesi au lililozibwa, rudi kwenye swali la bomu.

Kwa kawaida basi huwa ni nini?

Vipande vya mashine. Gurudumu la mashine ya kumenyea kahawa, gia za korona, mashine ya kuchakata mkonge, jembe la plau, ekseli, springi za lori, gurudumu la toroli la shamba la walowezi. Wazee wetu walipochoka na mashine waliizika. Hapakuwa na mnunuzi wa skrepa anayepita na kipaza sauti.

Naweza kuuza?

Gia iliyooza kwenye shamba lako, uza. Reli na mataruma usiguse, kwani reli ya Tanga kuja Arusha imefufuliwa na ukikamatwa nacho kipande utaelezea muda mrefu. Risasi na makombora, hata maganda yasiyo na kitu, usiuze, waambie polisi: sheria ya silaha na risasi ya 2015 haiulizi kama ulikuwa unapamba sebule. Na kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukihisi ni cha zamani hivyo, anzia makumbusho yaliyo kwenye Boma la Mjerumani, Arusha.

Wale wanunuzi wa dhahabu wenye mashine ya eksirei wanaweza kukupimia kwa dakika moja. Kumbuka tu kwamba mashine ile inasoma ngozi ya juu. Kitu kilichopakwa kitakupa jibu la rangi yake.

Nikuletee uone?

Lete picha kwanza. Moja kikiwa shimoni, moja ya kila upande, na kiberiti pembeni ili nijue ukubwa. Andika uzito, kama sumaku imenasa, na kijiji. Ukinitokea nalo kwenye bodaboda bila picha, maswali yote haya nitakuuliza nikiwa nimesimama ng'ambo ya barabara.